Nimejenga chemba ya kukamata mafuta kwenye yadi ya malori Iyunga, mvua ya kwanza ikaniumbua

Yadi Iyunga (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nina yadi ndogo hapa Iyunga, Mbeya, si mbali na barabara kuu ya Tunduma. Malori yanalala, mafundi wawili wanapiga gereji nyepesi, na vijana watatu wanaosha magari. Sakafu ni zege, mita 20 kwa 30, imeinamia upande wa mtaro. Pembeni kuna stoo yenye paa la bati, maji yake nayo yanamwagikia humo humo.

Mwaka juzi, mvua zimeanza kuchanganya, jirani wa chini yangu aligonga geti akiwa na ndoo ya lita ishirini. Hakusalimia. Akaimwaga ndoo yote pale getini, maji yakatambaa yakiwa na ile ngozi ya mafuta yenye rangi za upinde wa mvua. Akasema, "Haya ni ya kwako, nimekurudishia." Akaondoka na ndoo yake.

Sikulala vizuri. Nikaanza kusoma mtandaoni vifaa vya kusafisha maji yanayotiririka kutoka kwenye mayadi na maegesho, nikakuta wenzetu wana chemba ya vyumba vitatu: cha kwanza mchanga unatuama, cha pili mafuta yanaelea, cha tatu maji yanatoka. Nikasema hii si ndege, ni shimo na tofali. Fundi akachimba urefu mita 3, upana mita 1.2, kina mita moja na nusu, plasta ndani, bomba za inchi 6 kutoka chumba hadi chumba. Gharama sitaji, mke wangu naye ni mwanachama humu.

Sasa mvua ya kwanza. Nimesimama na mwavuli kama mtu anayesubiri mgeni rasmi. Dakika tano za mwanzo, raha tupu, mchanga unazama, oili inaelea. Dakika ya kumi maji yakaja kwa fujo, na ile oili yote niliyokuwa nimeikusanya wiki mbili ikapita chumba cha pili, ikapita cha tatu, ikatoka mtaroni kwa mkupuo mmoja. Chumba cha mwisho kikabaki na maji meupe kama maziwa. Nilichojenga kumbe ni ghala la uchafu, linaweka akiba halafu linautoa wote siku moja.

Jirani alikuwa dirishani. Nilimwona.

Nimekosea wapi?

Mwana Sokomatola

Nimekaa siti ya mbele. Weka picha mkuu. Na gharama taja tu, shemeji hafiki jukwaa hili.

Kipara wa Mafiati

Mkuu, kwa heshima zote, umechoma hela. Pita mtaro wa Mwanjelwa baada ya mvua uone: chupa, pampasi, viatu vya mguu mmoja mmoja, siku nyingine hata godoro. Wewe unachuja kijiko, wenzako wanamwaga pipa. Na maji yenyewe hayakai hapa. Yanaingia mto Nzovwe, yanaingia Songwe, yanaishia Rukwa huko. Safari ndefu, yatajisafisha njiani.

Loleza Juu

Kipara, hiyo Songwe unayoitaja (si ile ya mpakani na Malawi inayoingia Ziwa Nyasa, watu huzichanganya) inaingia Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mlango wa kutokea. Maji yakifika pale yanaondoka kwa jua tu. Jua linachukua maji, halichukui zinki wala shaba wala udongo. Ukimwaga kitu Iyunga hujakisafirisha, umekihamishia kwenye karo la watu wengine, na karo lenyewe halina wa kulinyonya.

Kipara wa Mafiati

Haya, nimekaa.

Dada wa Maabara

Mleta uzi, chemba yako haijakosea sana. Umeipa kazi isiyo yake.

Tuanze na hesabu, kalamu mkononi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Sakafu yako ni mita za mraba 600. Ikinyesha mvua ya milimita 30 kwa saa, na Mbeya hiyo tunaijua, unapata lita 18,000 kwa saa, yaani lita 5 kila sekunde. Sasa ongeza paa. Kama paa lako ni mita za mraba 300, umeongeza lita 9,000 za maji masafi kabisa ili yaende kuyasumbua yale machafu.

Mafuta yanapanda kwa taratibu yake. Tone la milimita 0.15 (ndilo wenye viwanda vya mafuta Marekani huanzia wanapopanga vitenganishi vyao) linapanda kama mita 5 kwa saa kwenye maji ya baridi ya kwetu. Chemba yako kwa juu ina mita za mraba 3.6. Gawanya lita 18,000, ambazo ni mita za ujazo 18, kwa 3.6, unapata mita 5 kwa saa, na tone linalopanda polepole kuliko hapo linatoka na maji. Yaani bila paa, na nikikuhesabia eneo lote kwa huruma, unalikamata tone hilo kwa kubahatisha. Ukiweka paa inakuwa mita 7.5 kwa saa, na hapo tone linapitwa na maji. Kwa hiyo kazi ya kwanza si chemba. Weka mfereji wa bati, maji ya paa yaingie tenki, ya ziada yapite njia yake.

La pili ni sabuni, na hapa ndipo maziwa yako yalipotoka. Sabuni inalivunja tone la mafuta vipande vidogo vidogo na kuvivisha koti visirudiane. Tone likipungua ukubwa mara kumi, mwendo wa kupanda unapungua mara mia. Lile la mita 5 kwa saa linakuwa la sentimita 5 kwa saa. Hakuna chemba ya tofali inayosubiri hivyo. Maji ya kuoshea magari na maji ya mvua yasikutane kabisa. Weka sehemu ya kuoshea chini ya paa, na shimo lake peke yake.

La tatu, bomba lako liko wapi, juu au chini?

Yadi Iyunga (mleta uzi)

Juu dada. Usawa wa maji. Fundi alisema ndivyo inavyokuwa.

Dada wa Maabara

Mafuta nayo yako juu. Umeyawekea mlango.

Mwana Sokomatola

😂😂 Umeyawekea mlango na kuyakaribisha.

Ruaha Mdogo

Kamwene wakuu. Nipo Ipogolo, Iringa. Sisi huku malori yote ya Dar na Tunduma yanapita mlangoni na mto uko hapo hapo, na mto huo ndio unaonywesha mji. Kwa hiyo hili somo tumelipata kwa nguvu.

Mleta uzi usibomoe. Tafuta tii ya inchi 6 (kile kiungo cha bomba chenye midomo mitatu), iweke upande wa kutokea wa kila chumba, shingo yake moja iteremke chini ya maji kama sentimita 40, shingo ya juu iache wazi iwe juu ya maji. Maji yanatokea chini, mafuta yanabaki juu yakishangaa. Usitumie elbo tupu, kwa sababu bomba likijaa linaweza kunyonya kama mpira wa kuibia dizeli na kukukausha chumba kizima. Ile shingo ya juu inavunja mnyonyo, na siku bomba limeziba unapitisha fito hapo hapo.

Halafu jenga kizingiti kabla maji hayajaingia chemba. Nusu tofali inatosha. Maji madogo yanaingia chemba, maji makubwa yanaruka kizingiti na kwenda mtaroni moja kwa moja. Ile mvua ya dakika ya kumi isipite ndani ya chemba yako kabisa, ndiyo iliyokuchafulia kazi.

Kipara wa Mafiati

Subiri kwanza. Yaani mnajenga kifaa cha kusafisha maji halafu mvua kubwa mnaiachia ipite bila kusafishwa? Hii si janja ya kumdanganya afisa mazingira?

Ruaha Mdogo

Mkuu ushaosha sufuria ya ugali? Maji ya kwanza ndiyo machafu. Ya tatu unaweza kumwagilia maua. Sakafu ni hivyo hivyo, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi: miezi ya vumbi, oili na unga wa matairi inaondoka ndani ya dakika chache za mwanzo. Hizo ndizo unazikamata. Ukitaka kukamata mvua yote ya Machi utachimba bwawa.

Kipara wa Mafiati

Sawa. Mfano wa sufuria nimeuelewa.

Scania ya Mzee

Mimi ni dereva, nalala yadi nyingi kuanzia Makambako mpaka Tunduma. Mnazungumza chemba, chemba. Oili haianzii kwenye chemba, inaanzia chini ya gari langu. Ukinipa trei la kukingia na gunia la maranda usiku huo sakafu yako asubuhi ni kavu. Maranda ya Mufindi yamejaa kila mahali. Unayamwaga juu ya oili, unayaacha yanywe, unayafagia. Kabla ya mvua, si baada ya mvua. Yadi zinazoniwekea maranda ni mbili tu, hizo nyingine wanapiga maji na mpira, "imeisha hiyo".

Yadi Iyunga (mleta uzi)

Mzee shikamoo. Hili la mpira wa maji vijana wangu ndio wanalifanya. Kila Jumamosi. Nimenyamaza.

Kijana wa Uyole

Ndaga fijo wakuu kwa uzi. Mimi nina la kwangu, naomba msicheke.

Huku kwetu ukichimba msingi unakutana na yale mawe mepesi meupe ya volkano, yale mama zetu wanasugulia visigino. Nilisoma kwamba jiwe lile lina vitundu vingi ndani na linatumika kama kichujio. Nikasema Mungu ametuwekea kichujio chini ya miguu, tunaagiza cha nini. Nikajaza chumba cha mwisho cha chemba yangu, magunia manne, makavu, safi.

Mvua ikaja.

Mawe yakaelea. Yote. Yakapanda juu kama mandazi kwenye mafuta, yakatoka kwenye bomba moja moja yakitembea kwenda barabarani. Watoto wa mtaa walikusanya ndoo nzima. Nasikia siku hiyo kila nyumba ilikuwa na la kusugulia.

Mwana Sokomatola

Nimecheka mpaka konda kaniuliza kama niko sawa.

Dada wa Maabara

Kijana wa Uyole, wazo ni zuri, ulichokosa ni mfuniko. Yaloweke siku kadhaa kabla ya kuyaweka, kisha juu yake funga wavu wa chuma na ulaze mawe mazito juu ya wavu. Na usiyaweke chumba ambacho mchanga bado unafika, yataziba ndani ya wiki. Kichujio chochote kiwekwe nyuma ya mtego wa mchanga. Ukikiweka mbele yake kinageuka kuwa chenyewe ndicho mtego wa mchanga, na wa gharama.

Loleza Juu

Wadau, vipi zile chemba za kisasa za duara? Nimeona moja kwenye video, kama tanki, maji yanaingia kwa ubavu yanazunguka.

Dada wa Maabara

Zile ni vitenganishi vya mzunguko. Ukitaka kuelewa bila kununua, pika chai ya majani ya Rungwe usiichuje, koroga, halafu acha. Majani yanakimbilia katikati ya kitako cha kikombe. Ungedhani yatatupwa pembeni, lakini maji yanayosuguana na kitako yanatembea taratibu kuliko ya juu, ndiyo yanayasukuma majani kati. Einstein mwenyewe aliandika maelezo yake mwaka 1926. Kifaa kile kinafanya hivyo kwa mchanga, katika nafasi ndogo, bila umeme. Ni kizuri pale ardhi ni ghali. Kwa mchanga tu lakini. Udongo laini hautaki kujua habari zake.

Na hapo ndipo panapouma. Punje ya mchanga wa milimita 0.1 inashuka mita moja kwa kama dakika mbili. Punje ya mfinyanzi ya milimita 0.002 inahitaji siku tatu kushuka hiyo hiyo mita moja, maji yakiwa yametulia tuli. Sasa metali nyingi zinazotoka kwenye magari zinapenda kushikana na hizo punje laini. Kwa hiyo chemba inakamata kile unachokiona na kukiachia kile usichokiona.

Scania ya Mzee

Metali gani tena dada? Gari halidondoshi vyuma.

Dada wa Maabara

Linadondosha, Mzee. Tairi lina zinki. Breki zina shaba. Teremka mara moja tu ule mlima Nyang'oro uone pedi zimeisha kiasi gani, kile kilichoisha kimebaki barabarani. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2010 kupunguza shaba kwenye pedi za breki, kwa sababu ya maji ya mvua tu. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitoa jibu la fumbo la miaka mingi: kwa nini samaki aina ya salmoni wa coho wanakufa kwenye vijito vya mjini kila baada ya mvua, kabla hata ya kutaga. Walikuta ni dawa inayowekwa kwenye matairi yasipasuke. Ikikutana na ozoni ya hewani inageuka sumu. Dawa ya tairi! Watu walishapima kila kitu kingine.

Fundi Wavu

Naona mnazungumza yadi za watu binafsi. Mimi naongelea mtaro wa mji. Kuna mji unaitwa Kwinana, Australia, mwaka 2018 waliweka nyavu kubwa kwenye midomo ya mabomba ya maji ya mvua, kama soksi. Zilikamata taka kilo 370 ndani ya miezi michache. Kazi ya nyavu mbili tu. Tena wavu, kitu ambacho Kyela kila nyumba ya mvuvi wanacho. Kwa nini Mwanjelwa hatuna?

Kipara wa Mafiati

Sasa hapa ndipo kwangu, nauza duka mita kumi kutoka mtaroni. Ukiweka soksi mtaro wa kwetu, mvua moja imejaa. Ikijaa maji yanarudi. Yakirudi yanaingia dukani kwangu, hayaingii kwako. Nani atakuja saa tisa usiku kuifungua? Na lile fremu la chuma litalala siku ngapi kabla wa chuma chakavu hajalifungua yeye?

Fundi Wavu

Hoja. Lakini soksi ya wenzetu inawekwa mwishoni, bomba linapotoka, wala haikai katikati ya mtaa. Ikijaa inamwagika kwa juu. Na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, tofauti tumeiona, zamani mtaro ulikuwa unazibwa na mifuko ndani ya saa moja. Zimebaki chupa.

Kipara wa Mafiati

Na pampasi mkuu. Usisahau pampasi. Ile ikinywa maji inakuwa mto wa kulalia.

Mama Chainizi

Wanangu hamjambo. Nimeonyeshwa huu uzi na mjukuu, yeye ndiye anayeandika, mimi nasema.

Nalima bondeni, chini ya hizo yadi zenu. Chainizi, figili, kabichi. Nyie mnapiga hesabu za matone, mimi najua kwa pua. Mvua za kwanza sichukui maji ya mtoni hata siku moja, nasubiri yapite. Siku nilipokuwa sijui, nilimwagilia jioni, asubuhi majani yana utando, nikiyashika yanateleza. Nilipeleka sokoni Soweto, mteja akanusa fungu, akanirudishia kwa adabu kabisa. Niliyatupa yote, matuta matatu.

Tangu hapo nimechimba dimbwi langu pale maji yanapoingilia shambani. Nimeacha matete yaote, mazito, sikati ovyo. Maji yanaingia upande huu yakiwa mekundu, yanatoka upande ule yamepoa. Sijasoma popote. Niliona tu kwamba penye matete maji yanatulia.

Na utando wote si mafuta, msije mkamgombeza jirani bure. Chukua kijiti uuguse. Ukivunjika vipande kama ganda la uji uliopoa, hiyo ni kutu ya maji ya kawaida ya bondeni. Ukijikusanya na kurudiana, hiyo ni oili, na mwenyewe yuko juu.

Swali langu kwa huyo dada msomi: tope la dimbwi nikilichota nalimwaga wapi? Nimekuwa nalimwaga matuta ya kabichi, naona ni jeusi, nikadhani ni mbolea.

Dada wa Maabara

Mama shikamoo. Hicho ulichochimba kina jina refu kwenye vitabu, ardhioevu ya kutengenezwa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya utafiti wake kwa miaka mingi hapa nchini, hasa kwa majitaka. Matete yanatuliza maji, mizizi inakaa na vijidudu vinavyokula mafuta, na udongo laini unapata muda wa kushuka. Umefanya kile ambacho chemba ya mleta uzi haiwezi.

Lakini Mama, tafadhali usiliweke tena kwenye kabichi. Vijidudu vinakula mafuta, zinki na shaba haviwezi kuzila. Zinabaki kwenye tope, mwaka hadi mwaka. Kwa sasa lirundike mbali na mboga na mbali na maji, palipoinuka, juu ya turubai, na ulifunike mvua isilirudishe. Peleka kiasi kidogo kwenye maabara ya udongo wakipime.

Mama Chainizi

Marahaba mwanangu. Miaka minne nimelimwaga pale. Nimeelewa.

Yadi Iyunga (mleta uzi)

Mama, shikamoo. Yadi yangu iko juu yako. Sina la kusema, nimesoma komenti yako mara tatu. Nikikamilisha marekebisho nitarudi hapa.

Mwana Sokomatola

Uzi umekuwa mzito ghafla. Mods msiufunge.

Yadi Iyunga (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho. Imepita wiki ya sita.

Paa limewekewa mfereji wa bati, maji yanaingia tenki la lita 5,000, vijana wanaoshea magari maji hayo hayo, kwa hiyo bili nayo imepungua. Sehemu ya kuoshea nimeiinua kwa zege sentimita 10, ina kibanda juu na shimo lake, haiungani na yadi. Tii tatu zimeingia kama alivyosema mkuu wa Ipogolo. Kizingiti kipo. Trei za kukingia oili nimekata mapipa kwa urefu, kila pipa trei mbili. Maranda gunia sita. Mpira wa maji nimeufungia ofisini, ufunguo ninao mimi.

Mvua ya Jumapili ilikuwa kubwa, ile ya ngurumo. Nikatoka tena na mwavuli. Maji ya mwanzo meusi yakaingia chemba. Yalipozidi yakaruka kizingiti, na chumba cha pili uso wa maji ukabaki umetulia, oili imekaa pale kama mafuta juu ya supu. Nilichota maji ya kutokea kwenye chupa ya lita moja na nusu, nikachota mengine ya kuingilia, nikaziweka dirishani. Ile ya kuingilia, asubuhi ina vidole viwili vya mchanga chini na pete nyeusi shingoni. Ile ya kutokea haina pete. Haina mchanga. Lakini leo siku ya tatu bado ina rangi ya chai ya maziwa, kama dada alivyosema. Kwa hiyo nimeongea na mwenye kipande cha nyuma ya yadi, mita 4 kwa 9 hivi, anipangishe nichimbe dimbwi la matete kama la Mama.

Tatizo limebaki moja na naomba msaada wa kweli. Nilifungua mfuniko kusafisha. Chumba cha kwanza tope limefika nusu. Wiki sita tu! Tumetoa ndoo 31 na bado oili inayoelea dumu moja na nusu. Oili wapo wa kuinunua, wapaka mbao. Tope hakuna anayelitaka. Kijana wangu mmoja akanishauri kwa nia njema kabisa: "Bosi, usiku tulimwage mtaroni, mvua italichukua."

Kipara wa Mafiati

Yaani ulichimba, ukajenga, ukachuja, halafu uchafu uurudishe mtaroni kwa ndoo. Ajira imetengenezwa.

Ruaha Mdogo

Hili ndilo linaloua vifaa hivi vyote, vya bei mbaya na vya tofali. Kuna yadi huku waliuziwa kitenganishi cha plastiki kutoka nje, kile cha sahani za ndani zinazosaidia matone kuungana, daraja la kwanza la Ulaya, maji yakitoka yasizidi miligramu 5 za mafuta kwa lita. Kizuri kweli. Miaka miwili hawajafungua mfuniko. Sasa hivi maji yanapita juu yake kama yanapita juu ya jiwe, na cheti kimetundikwa ukutani.

Mleta uzi, andika ubaoni: tope likifika nusu ya chumba, toa, usisubiri mwezi uishe. Novemba na Desemba utatoa mara nyingi, Julai hutagusa.

Dada wa Maabara

Na tope lenye oili ni taka hatarishi, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake ziko wazi, haliendi dampo la kawaida wala mtaroni. Litandaze kwenye karai la zege lenye kingo, chini ya bati, lichuje maji yake kurudi chumba cha kwanza. Likikauka ndoo 31 zitabaki labda theluthi. Hizo unaziweka kwenye mapipa yenye mfuniko mpaka upate mkusanyaji mwenye kibali. Mmoja mmoja hamtampata, gari haliji kwa pipa moja. Mkiwa yadi kumi mtampata.

Scania ya Mzee

Yadi kumi kutoka Iyunga mpaka Mbalizi hazikosi. Najua mageti yote. Nipeni namba ya kikundi nitaipeleka, nalala kwao.

Yadi Iyunga (mleta uzi)

Mzee umenisaidia. Nimeongea na wawili tayari, mmoja kakubali, mwingine ananiuliza nani kanituma.

Karai la zege fundi anaanza Alhamisi. Mpaka hapo ndoo 31 zipo kwenye stoo zimefunikwa turubai na mke wangu ameziona, kwa hiyo gharama sasa anaijua.

Jana jioni jirani wa chini alikuja tena na ndoo. Moyo ukanilipuka. Ilikuwa tupu. Anaomba maji ya tenki.

Mama Chainizi

Usichimbe dimbwi kabla hujaja kuchukua matete. Ya kununua yanakufa. Njoo Jumamosi asubuhi, vaa buti, huku kuna matope.